Maji ya Kunawa Yaliyokuja Mapema

Meli ilikuwa moja. Wanaume wawili wa kwetu walishuka kutoka humo siku moja, na hawakukubaliana hata kuhusu chumvi ya chakula walichokula humo. Baba yangu mdogo alisema cha melini ndicho chakula, huku kwetu tunashindilia matumbo tu. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alisema mbwa wa Likoni wanakula vizuri kuliko abiria wa meli ile.

Ilikuwa ile miaka ya arobaini, vita vimekwisha, meli za abiria zimeanza tena kuingia Kilindini zikiwa zimepakwa rangi nyeupe. Wakati wa vita zilikuwa za kijivu na zilibeba askari. Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa. Tulikaa Bofu, huku Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, nyumba ya udongo na makuti. Baba alikuwa seremala. Mama alilima muhogo, na kwa upishi mpaka leo sijaona mwenzake, nikijihesabu na mimi mwenyewe, na mimi si mpishi wa kubezwa.

Baba mdogo alikuwa mtumishi wa mezani, kule juu daraja la kwanza. Alirudi nyumbani na koti jeupe lenye vifungo vya shaba, akalitundika sebuleni kwenye msumari ambapo nyumba nyingine za Wakristo hutundika picha ya Yesu. Mjomba alikuwa chini kabisa, kwenye matanuri, mchochea makaa. Makaa yalikuwa yamemwingia kwenye mikunjo ya shingo, hata Mama alipomsugua kwa dodoki hayakutoka. Meli ilikuwa imeingia kutengenezwa, kwa hiyo wote wawili wakawa kwetu, hawana kazi, wana midomo tu.

Jioni walikaa barazani.

"Kwanza inakuja supu," baba mdogo alianza, macho ameyafumba nusu. "Nyepesi. Unaona mpaka ua lililochorwa chini ya sahani."

"Maji ya kuoshea sufuria hayo," alisema mjomba.

"Kisha samaki. Kipande. Hana mwiba hata mmoja."

"Samaki hana mwiba, huyo samaki au sabuni?"

"Kisha nyama. Kisha vitu vitamu. Halafu jibini."

"Hapo kwenye jibini nyamaza, shemeji. Mimi nimelala chumba kimoja na wachochea makaa, harufu ya miguu yao naijua. Ile jibini iliwashinda."

"Wewe unajua nini? Ulikula cha chini. Viazi na nyama ya kopo kwenye sahani ya bati, halafu unatukana chakula cha meli nzima."

"Na wewe ulikula nini? Makombo! Sahani ya Mzungu inarudi na nusu ya paja, unalimeza nyuma ya mlango kabla mkubwa wako hajageuka. Mimi nyama yangu ya kopo niliila nimekaa, shemeji. Nimekaa, miguu nimeinyoosha."

Hapo baba mdogo alinuna. Lakini si kweli kwamba walitofautiana kwa kuwa mmoja alikula cha juu na mwingine cha chini. Siku moja melini baba mdogo alimhurumia mwenzake, akamteremshia kwenye leso kitu chekundu kinachotetemeka, kitamu, kimetoka meza kuu. Kitu hichohicho kimoja, wote wawili walikila. Baba mdogo alisema kinayeyuka mdomoni kabla hujafunga meno. Mjomba alisema kilimkumbusha yavuyavu, yale madude laini yanayotupwa na maji ufukoni, akakitema kwenye makaa, na makaa yenyewe yakakikataa kwa moshi mbaya.

Mama alikuwa akichambua mchicha, anasikiliza. Aliuliza swali moja tu.

"Sasa huyo mtu analetewa kidogo, anaondolewa, analetewa kidogo, anaondolewa. Anashiba saa ngapi?"

"Shemeji, huko watu hawali ili washibe."

Mama aliangalia mchicha wake. "Basi wanakula ili iweje?"

Baba mdogo akajidai kufukuza mbu, na mjomba alicheka mpaka akakohoa makaa.

Ubishi huo ungeishia barazani kama si posa yangu.

Kijana mwenyewe alifanya kazi Changamwe, kwenye karakana. Nilimwona alipokuja na kwaya ya kanisa lao kuimba kwetu. Alikuwa na sauti nene na vigimbi vya miguu vizuri. Nilimtaka, sitazunguka. Na yeye alinitaka, aliniambia nyuma ya kanisa, maneno machache, akakimbilia feri na wenzake. Baada ya hapo ikapelekwa habari kwa Baba kwamba watu wake wangekuja kuposa.

Kikwazo kilikuwa shangazi yake. Ndiye aliyemlea, na neno lake ndilo neno. Tulikwisha kusikia kwamba alivunja posa moja ya kijana huyohuyo kwa sababu nyumba ile ilimpa chai isiyo na sukari. Na sukari wakati ule ilikuwa ya mgao! Yeye hakujali mgao. Alisema watu wanaomficha mgeni sukari watamficha na mkwe chakula.

Baba akaogopa. Mtu anayekata mbao siku nzima bila kusema neno, akaanza kusema usiku na mchana. Watu wa Changamwe ni watu wa karakana na reli, wameona mambo, watatudharau sisi wa ng'ambo. Ndipo mdogo wake akamshika palepale penye woga.

"Kaka, niachie mimi. Shemeji apike, mimi niandae. Niwaandalie kama daraja la kwanza. Huyo mama akitoka hapa, Changamwe nzima watasikia."

"Ukimwandalia vile atakufa njaa," mjomba alisema. "Mwekeeni sinia katikati, wali kama kilima, nyama juu yake, ale. Mtu amevuka maji kuja kuposa, anataka kushiba."

"Wewe utakaa jikoni uchochee moto," Baba akamwambia. "Hiyo ndiyo kazi uliyosomea."

Mama hakufurahi, lakini aliyepewa neno la mwisho alikuwa Baba. Na baba mdogo alimwapisha kaka yake jambo moja: chochote atakachoona kinafanyika mezani, asiseme neno, asije akaharibu.

Sasa lazima niseme desturi yetu, maana wajukuu wangu wanakula wamesimama huku wanaangalia kitu kingine, hawaijui. Mgeni akifika, ananawishwa. Anakula. Akisema ameshiba, unamkatalia, unamwongeza. Akisema tena, unamkatalia kidogo. Mpaka hapo ndipo unaleta maji ya pili, ananawa, na maneno yaliyomleta yanaanza. Mgeni ambaye hajasema ameshiba, ukamletea maji, umemwambia aondoke. Hatuna haja ya kumwambia mtu kwa mdomo kwamba hatumtaki. Tunamletea maji, naye akiwa na adabu ananawa, anashukuru, anakwenda zake. Kwenye posa ni hivyo hivyo, na ni vizuri kwa wote, hakuna anayetukanwa.

Siku ikafika. Mbuzi alichinjwa na jirani yetu Mdigo, Mwislamu, tulimwita yeye ili kila jirani aweze kula bila wasiwasi. Mchele ulipatikana kwa taabu, ulikuwa haba miaka ile, watu wengi walikula unga wa mahindi ya njano uliosagwa hovyo. Mama akatia tui zito, akapika wali ambao ukifunua sufuria punje zinasimama. Mchuzi wa mbuzi akauweka bizari, ukwaju kidogo, akauacha ujikaushe polepole. Mjomba alikaa mbele ya mafiga akisogeza kuni moja moja, anaheshimu ule moto kuliko alivyowahi kuheshimu wa meli. Na samaki mmoja mkubwa, changu, alikaangwa, hilo likiwa agizo la baba mdogo, akatwe vipande vidogo.

Mimi sikutakiwa kuonekana. Msichana anayeposwa anakaa ndani mpaka aitwe. Nilikaa chumba cha ndani, jicho kwenye ufa wa ukuta.

Walikuja watatu, wazee wawili wa kiume na shangazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, kanga zake mpya bado zinanuka duka. Kijana mwenyewe hakuja nyumbani, kwa adabu, alibaki feri kuwasubiri. Walikaribishwa kwenye jamvi, wakasalimiana na Baba, shikamoo na marahaba zikazunguka, wakanawishwa. Baba mdogo akatokea kwenye lile koti jeupe, vifungo vinang'aa, kitambaa amekitundika mkononi. Wazee wale walimtazama wakidhani ni daktari.

Akaweka mbele ya kila mtu sahani ndogo. Juu ya sahani, kipande cha samaki na kipande cha ndimu. Hakukuwa na wali, hakukuwa na sima, hata muhogo. Wageni wakasubiri kilichobaki. Hakikuja. Wakala samaki, matonge mawili mtu, wakamaliza.

Nikaona baba mdogo anatoka tena. Amebeba bakuli za maji ya vuguvugu, na ndani ya kila bakuli kinaelea kipande cha ndimu. Kumbe melini matajiri wakimaliza samaki huletewa maji wachovye vidole kabla ya kwenda kwenye nyama. Yeye aliona ni jambo zuri kuliko yote, akaliweka akiba ili awashangaze.

Akawashangaza kweli. Aliinama, akamwekea shangazi bakuli lile mbele yake, akatabasamu.

Shangazi aliangalia maji. Akamwangalia Baba. Baba alikuwa ameyaona maji naye, macho yamemtoka, lakini amekwisha kuapa, na mdogo wake anamkonyeza kwamba mambo yanakwenda sawa. Basi Baba akakazia macho jamvi. Shangazi alinawa vidole kimoja kimoja, taratibu, akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Mungu awabariki," akasema. "Tumeshiba sana. Tumefurahi kuwajua."

Wazee nao wakanawa. Wakasimama. Neno la posa halikutoka kinywani mwa mtu. Nilitaka kupiga kelele ndani kule, lakini msichana anayeposwa hapigi kelele.

Walipotoka mlangoni Baba alimshika mdogo wake mkono. "Wanakwenda wapi?"

"Kupunga upepo, kaka. Wazungu hufanya hivyo katikati ya chakula. Wanatoka nje, wanaangalia bahari, wanarudi."

Na Baba, Mungu amrehemu, akaamini. Wakakaa wanasubiri watu warudi kutoka kupunga upepo. Mimi ndiye niliyevunja adabu. Nilitoka mbio mpaka jikoni.

"Mama, wameondoka."

"Nani ameondoka? Nyama sijapakua."

"Baba mdogo amewaletea maji ya kunawa baada ya samaki. Wamenawa. Shangazi ameshukuru, wamekwenda."

Mama alisimama na upawa mkononi. Mjomba aliacha kuni. Akatoka nje kutazama njia, akarudi. "Wamekwisha pita visima. Wanakwenda feri. Wanajua mmewakataa."

Baba akaja jikoni, sasa amekwisha elewa, uso umemshuka. "Nitume mtu awaite."

"Mtu aliyekwisha nawa umwite arudi kwenye jamvi lako?" Mama alisema. "Atadhani unamchezea mara ya pili. Hapana. Chakula kitawafuata. Kaka, shika mchuzi. Wewe mwanangu, leta ngata, chukua wali."

"Mama, mimi sitakiwi kuonekana."

"Usipoonekana leo hutaonekana tena. Chukua wali."

Nikaweka ngata kichwani, sufuria juu ya ngata, moto unapenya mpaka kwenye ubongo. Mjomba akabeba mchuzi kwa matambara, yeye mikono yake haikujua tena moto. Mama akatangulia na sinia. Tukaenda kama watu wanaohama nyumba inayoungua. Watu wakatoka milangoni. Mdigo wetu akauliza, "Mnakwenda wapi na mbuzi wangu?" Mama hakugeuka. Nyuma yetu alikuja Baba, na nyuma ya Baba, mbali, koti jeupe.

Bahati yetu shangazi hakuwa mtu wa mbio. Tulipofika feri, chombo kilikuwa kinakuja kutoka upande wa kisiwani, kimefika katikati ya maji. Wale watatu wamekaa juu ya gogo. Yule kijana amesimama pembeni, amekwisha kuambiwa, kichwa chini. Alipokiinua akaniona. Mimi nimejaa moshi, jasho linanitiririka mpaka kidevuni, punje za wali zimenimwagikia begani. Hivyo ndivyo alivyoniona siku ya posa yangu.

Mama alitua sinia mchangani mbele ya shangazi.

"Dada yangu, mmeacha chakula chenu."

"Chakula gani? Tumekula. Tumenawishwa."

"Yale maji hayakuwa ya kunawia."

"Yalikuwa ya nini?"

Mama alimgeukia kaka yake. Mjomba akajibu kwa niaba yake. "Yalikuwa ya meli, mama. Huyu anayekuja kule na koti amefanya kazi melini. Huko mtu akila samaki ananawishwa, akila nyama ananawishwa, hata akikohoa ananawishwa. Amedhani anawaheshimu."

Shangazi akamgeukia baba mdogo, aliyekuwa amefika anahema. "Ni kweli haya?"

"Daraja la kwanza," baba mdogo alisema, karibu alie. "Wanachovya vidole tu, mama. Nyama ilikuwa inafuata. Wali ulikuwa unafuata. Na mkate wa kumimina."

"Na hao matajiri, wakiletewa maji, hawaondoki?"

"Hawaondoki, mama."

"Hawana haya," alisema shangazi.

Mzee mmoja alianza kucheka peke yake, mabega yanatikisika. Shangazi hakucheka. Feri ilikuwa inakaribia, watu wanaanza kusogea na makapu yao. Alinitazama mimi kuanzia ngata mpaka miguuni.

"Huyu ndiye binti?"

"Abee," nikaitika mwenyewe, na sikuulizwa mimi.

"Nani amekwambia utoke ndani?"

"Wali ni mzito, shangazi. Mama hana wa kumsaidia."

Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kushangaa. Kisha akanyoosha mikono yake yote miwili mbele yangu. "Basi ninawishe upya. Maji yale sikuyapenda."

Maji hatukubeba! Tulibeba wali, nyama, sinia, upawa, maji tukasahau. Mama alifunga macho. Mimi nikatua sufuria, nikachukua upawa, nikaingia baharini na kanga zangu mpaka magotini, nikausuuza, nikachota. Nikarudi nikammwagia shangazi maji ya chumvi mikononi, na wazee, na yule kijana.

Wakala palepale mchangani. Feri ikafunga, ikashusha watu, ikapakia watu, ikaondoka, hawakuinuka. Mama alipakua wali kama kilima, mjomba akamimina mbuzi juu. Shangazi alikula, anachambua nyama mfupani kwa meno yake ya mbele. Baada ya muda akasema, "Chakula hiki chumvi yake sawasawa," kisha akalamba kidole, "au ni bahari." Hapo ndipo alicheka, na wote tukapata ruhusa ya kucheka, isipokuwa baba mdogo. Alikuwa amekaa mbali kidogo, koti amelivua. Shangazi akamwita. "Njoo ule, daktari." Akaja akala kwa mkono kwenye sinia, kando ya mjomba. Alikula sana. Mjomba alimwangalia akila, akamsogezea mfupa wenye nyama.

Wakashiba. Mama akanipa ishara, nikachukua upawa, nikaenda tena baharini kuchota maji ya pili. Nilirudi nikapiga goti mbele ya shangazi.

Akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Mimi sinawi," alisema. "Nikinawa hapa mtasema nimemaliza, na mimi na nyumba hii sijamaliza. Sisi tulikuja kuomba binti. Tumeomba. Mzee, unasikia?"

"Nasikia," alisema Baba.

"Basi mikono yangu ataninawisha huyu mwenyewe, kwangu Changamwe, siku atakayokuja na mizigo yake."

Feri ikawa imerudi. Shangazi aliingia na vidole vyake vimeng'aa mafuta ya mbuzi, amevishika juu ili asiguse kanga mpya. Wazee wakamfuata. Kijana alipita mwisho, akaninong'oneza kwamba wali wetu umeungua kidogo chini. Haukuungua. Alikuwa akitafuta la kusema tu, na nimemkumbusha uongo ule miaka yote ya ndoa yetu.

Meli ilipotengenezwa, baba mdogo na mjomba walirudi melini, mmoja juu, mmoja chini. Kila waliporudi nyumbani ubishi ulianza pale ulipoachwa, supu, samaki, jibini, na hakuna aliyeshinda. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha hamia Changamwe. Siku niliyofika, kabla hata sijatua mzigo, shangazi alikuwa amekaa mlangoni, mikono ameinyoosha.